Nikisema, Nalipwa?

Mkufunzi wa ulinzi wa bandari alikuwa amefika kwenye picha ya begi lisilo na mwenyewe. Begi jeusi limeachwa chini ya ngazi ya meli, na juu yake maandishi makubwa mekundu: UKIONA, SEMA. Akataka tuseme wote kwa pamoja, tukasema. Feni ya ukumbi ilikuwa inazunguka bila kutoa upepo. Waliowahi viti vya dirishani, upande unaotazama bahari ya Shangani hapa Mtwara, ndio pekee ambao usingizi ulikuwa haujawashika.

Mmoja wao alikuwa mzee wa gengi la wapakiaji, baraghashia yake ameiweka gotini. Hakunyoosha mkono. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei sokoni:

"Mwalimu, samahani. Nikisema, kazi si itasimama?"

"Inaweza kusimama, mzee wangu, mpaka wahusika waje waangalie."

"Na siku hiyo nalipwa?"

Ukumbi mzima ukacheka. Mkufunzi naye akacheka kidogo, kwa adabu, akasema usalama kwanza, mzee wangu, uhai hauna bei. Akabonyeza, picha ikahama. Baadaye chai ikaja na sambusa zake, na mchana tukaendelea na mengine.

Swali likabaki kwangu. Wiki zimepita, na kila nikishika karatasi ya mahudhurio ya gengi nalisikia upya.

## Mafunzo yalikuwa mazuri

Niseme hili mapema ili nisieleweke vibaya. Mimi ni karani wa kuhesabu mizigo kwenye kampuni ya kupakia na kutoa mizigo bandarini, na semina nimeshakaa nyingi za kusubiri posho tu. Hii haikuwa hivyo. Mkufunzi alikuwa anajua kazi yake, na hakutusomea karatasi.

Alitueleza msimbo wa ISPS, ule wa kimataifa wa ulinzi wa meli na bandari, uliopitishwa London Desemba 2002 chini ya IMO, shirika la kimataifa la masuala ya bahari, na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Kila mtu ukumbini alidhani umetokana na Septemba 11 peke yake. Akaturudisha nyuma hadi Aden, Yemen, Oktoba 2000, manowari ya Marekani USS Cole iko bandarini inajaza mafuta. Boti ndogo ikaisogelea, ikalipuka, mabaharia 17 wakafa. Boti ndogo, alirudia, na sote tukageuka kutazama dirishani, maana ghuba yetu haikosi mashua na ngalawa hata saa moja.

Viwango vitatu vya ulinzi vikaeleweka hata kwa waliochoka. Cha kwanza ni cha siku zote. Cha pili ni pale hatari inapoongezeka. Cha tatu ni pale tukio linapoelekea kutokea au limekaribia kabisa. Tukaelezwa pia kwamba afisa ulinzi wa bandari na afisa ulinzi wa meli wanaweza kutakiwa kusaini tamko la pamoja, nani anafanya nini, kabla mzigo haujaguswa.

Ila kuna kitu alikipita haraka, na mimi nikakitafuta nyumbani usiku. Msimbo una sehemu mbili. Sehemu A ni sheria, Sehemu B ni mwongozo. Mafunzo ya afisa ulinzi na walinzi wake, pamoja na wale waliopewa majukumu maalumu ya ulinzi, yako Sehemu A. Wafanyakazi wengine wote, yaani sisi makarani, madereva, mafundi, wapakiaji, tunatajwa Sehemu B. Inashauriwa tujue maana ya viwango, tuweze kutambua silaha na vitu vya hatari, tujue mwenendo wa watu wa kutilia shaka na mbinu wanazotumia kupita vizuizi.

Inashauriwa.

Na kibarua wa siku moja, anayeitwa asubuhi na kuachwa jioni, yuko wapi humo? Ukimtafuta utamkuta ndani ya "wengine wote", mwisho kabisa wa foleni.

## Mshono unaotazama ndani

Nieleze kitu kimoja kwa karibu, maana hapa ndipo nilipoanza kuelewa uzito wa swali la mzee.

Kontena la futi 20 linapopakiwa korosho ghafi, kuta zinatandikwa makaratasi magumu, na mifuko ya kunyonya unyevu inaning'inizwa juu. Magunia ya juti yanaingia mgongoni mwa mtu, kilo 80 hivi kila moja, yanapangwa kutoka ndani kabisa kuja nje. Mlango wa kushoto unafungwa, wa kulia unafuata, vishikio vinalazwa, sili ya chuma, kile kifungio chenye namba, inapitishwa kwenye tundu na kubanwa mpaka ilie. Naandika namba. Kuanzia hapo, kwa karatasi zangu, kontena ni namba ya sili.

Mkufunzi alitufundisha kuikagua kwa mambo manne: itazame, linganisha namba, ivute, izungushe. Halafu akasema jambo lililonikaa. Mwizi mjuzi haigusi sili. Anafungua nati au ribiti za kishikio, mlango unafunguka na sili iko palepale, nzima. Kwa hiyo tazama rangi mbichi, tazama ribiti moja inayong'aa kuliko wenzake. Akaeleza na ile njia ya wauza unga: mabegi yanawekwa nyuma tu ya mlango kwenye mzigo halali wa mtu, sili mpya yenye namba ileile inabanwa, na huko mzigo unakokwenda wenzao wanafungua na kuchukua. Mwenye korosho hana habari. Akikamatwa ataapa, na atakuwa anasema kweli.

Wakati wa chai nikamfuata yule mzee, nikamwuliza kama kwa miaka yake yote amewahi kuona ribiti iliyobadilishwa.

"Mwanangu, mimi ribiti siangalii," akaniambia. "Naangalia mstari wa mwisho. Sisi gengi letu gunia la mlangoni tunalilaza mshono ukitazama ndani, usije ukakwama kwenye mlango. Nikifungua nikakuta mshono unanitazama, najua ameingia mtu."

Hakuna picha ya mkufunzi yenye jambo hilo. Haipo kwenye mpango wowote wa ulinzi, na sidhani kama kuna kamera inayoliona. Liko kwenye kichwa cha mtu anayelipwa kwa kutwa, ambaye msimu ukiisha hana kadi ya kuingilia getini.

## Mgeni ni nani huku kwetu

Sehemu ya kutambua watu wa kutilia shaka ndiyo niliyoingia nayo na wasiwasi. Huku kusini jambo hili si la vitabuni. Oktoba 2020 Kitaya ilivamiwa, watu wakauawa, ndani ya mkoa wetu. Agosti ya mwaka huohuo wapiganaji waliiteka bandari ya Mocímboa da Praia, ng'ambo ya mto Ruvuma, na ikakaa mikononi mwao karibu mwaka mzima mpaka majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoirudisha Agosti 2021. Katikati ya hapo likaja shambulio la mji wa Palma, hukohuko Msumbiji, Machi 2021. Ukizungumza habari ya bandari kutekwa mbele ya watu wa Mtwara, hawahitaji mfano wa Yemen.

Lakini ndugu zetu wako ng'ambo hiyohiyo. Mmakonde wa huku na wa kule wanaoana, wanazikana, wanaitana wajomba. Ukimwambia mlinzi kijana "angalia wageni", atasikiliza lafudhi. Atamsimamisha mama aliyemletea mwanawe chakula, na atampisha mtu mwenye suti.

Mkufunzi, nimpe haki yake, alilikataa hilo waziwazi. Msimbo wenyewe unataka utambuzi usio na ubaguzi. Usitazame sura, alisema, tazama anachofanya. Anayeuliza zamu inabadilishwa saa ngapi na haimhusu. Anayepiga picha geti badala ya meli. Aliyevaa riflekta mpya kabisa na chini ana viatu vya kutokea.

Viatu vya kutokea! Tulicheka, lakini tangu siku ile nimekuwa naangalia watu miguu.

## Mtoto wa jirani

Halafu wazamiaji. Hapa ukumbi ulinyamaza, kwa sababu pwani nzima ya nchi hii kila mtaa una hadithi ya kijana aliyezamia meli. Wengine walirudi na redio, wengine walirudishwa na ndege, wengine tunaambiwa wako Durban. Kwa msimbo, mzamiaji ni uvunjaji wa ulinzi: kama yeye amepanda bila kuonekana, mwingine naye angeweza. Kwa mwenye meli, ni gharama ya kumlisha na kumrudisha, na bandari nyingi hazitaki hata ashuke.

Kwa sisi ni mtoto wa fulani.

Nilijiuliza kwa uaminifu: nikimwona mtoto wa jirani yangu wa Chikongola anajipenyeza kwenye tumbo la meli, nitasema? Nilikuwa najibu hapana, moyoni. Kilichonigeuza si sheria. Mkufunzi alieleza makaa ya mawe yanavyofanya ndani ya tumbo la meli lililofungwa: yanakula hewa ya oksijeni polepole, na mtu akishuka humo huanguka kabla hajajua kuna tatizo. Makontena ya mazao nayo hupigwa dawa ya kufukiza, fosfini, gesi inayoua binadamu kama inavyoua wadudu. Sasa makaa ya mkoa wa Ruvuma yanapita hapa kwetu, malori kwa malori, na kijana anayepanda meli ya makaa hawazi habari ya oksijeni. Anawaza Ulaya.

Kwa hiyo nitasema. Ila mimi nina mshahara. Nikisema, mwisho wa mwezi unafika kama kawaida.

## Hafukuzwi

Siku kadhaa baada ya mafunzo nilimkuta yule mzee kwa mama ntilie, nikakaa naye. Nilitaka kujua kama lile swali lilikuwa utani. Watu wa huku tunataniana sana, huwezi kujua.

Haukuwa utani. Aliwahi kufanya kazi kwenye ghala moja, nje kabisa ya bandari, msimu mmoja wa zamani. Akiwa anabeba akahisi gunia halikai mgongoni kama korosho zinavyokaa. Korosho hujigawa, alisema, zinalala na wewe. Lile lilikuwa linamchoma sehemu moja. Akamwambia nyapara. Nyapara akamwambia msimamizi, kazi ikasimama, magari yakarundikana nje, simu zikapigwa. Gengi lilikuwa linalipwa kwa tani. Mchana ule hapakuwa na tani. Wenzake walirudi nyumbani na nusu ya hela, na walijua ni kwa mdomo wa nani.

"Kulikuwa na nini ndani?" nikauliza.

"Nani angeniambia mimi?"

Kesho yake nyapara akasoma majina. Jina lake halikusomwa. Keshokutwa vilevile. Hakuna aliyemgombeza wala kumwandikia barua.

Nchi hii ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Niliikumbuka nikiwa palepale kwenye benchi, nikataka kumwambia, nikaona aibu. Afanye nini nayo? Aende akadai nini? Mtu wa kutwa hafukuzwi. Haitwi tu, na kutokuitwa hakuna karatasi unayoweza kuipeleka mahali.

## Hoja ya mlinzi

Nilimpelekea habari hii rafiki yangu anayelinda geti la kampuni binafsi, mtu mwenye akili na ulimi mkali. Nikamwambia nataka kupendekeza kwamba kazi ikisimama kwa sababu ya taarifa ya ulinzi, gengi lilipwe saa zile.

Akanitazama. "Dada, ukifanya hivyo, saa nane mchana, jua la Novemba, kila kibarua ataona begi."

Nilikosa jibu, na hoja hii imenisumbua kuliko swali lenyewe. Yuko sahihi kwa kiasi. Watu ni watu. Mapumziko yanayolipwa yana mvuto wake, na meli haiwezi kusimama kila gunia linapomchoma mtu.

Lakini nilipokaa nalo niliona tumeunganisha vitu viwili. Kusema ni kitu kimoja, kusimamisha kazi ni kingine. Mzee wa gengi hahitaji mamlaka ya kusimamisha meli. Anahitaji mtu wa kumwambia ambaye si nyapara, maana nyapara naye analipwa kwa tani na ndiye anayesoma majina. Mtu huyo aje, atazame kontena moja, gengi lihamie la pili. Mara nyingi ni dakika chache. Pale inapobidi kusimama kweli, anayeamua ni afisa ulinzi, si kibarua, na aliyeamua ndiye aandike sababu. Anayeona mabegi hewa kila mchana atajulikana ndani ya wiki moja. Gengi lenyewe litamnyamazisha.

Mlinzi wangu alikubali nusu. Nusu nyingine alisema: "Na sisi tunaosimama zamu ya saa kumi na mbili kwa hela ileile, tukiona tukasema, nani anatukumbuka?" Hilo sina pa kulipeleka kwa sasa. Ni makala nyingine.

## Msimu haungoji ratiba

Kuna jambo la ratiba pia. Mafunzo yetu yalifanyika miezi ya ukimya, wakati ambapo kuna nafasi ya kukaa. Ni sawa, huwezi kuwafungia watu ukumbini meli iko gatini. Lakini miezi ya ukimya watu wenyewe hawapo. Gengi la yule mzee lilileta mwakilishi mmoja, yeye. Waliobaki walikuwa mashambani, wanapalilia mikorosho.

Mwongozo wa msimbo unasema mazoezi madogo ya ulinzi yafanyike angalau kila miezi mitatu, na zoezi kubwa angalau mara moja kila mwaka, pasipite miezi 18 kati ya moja na jingine. Pigeni hesabu. Minada ya korosho inaanza Oktoba, kazi inachemka mpaka Januari hivi. Kijana anaweza kuitwa, akabeba msimu mzima, akarudi kijijini, bila zoezi kubwa hata moja kumkuta, na ratiba bado ikawa safi kwenye faili.

Na kazi imeongezeka. Mwaka 2023 Serikali ilielekeza korosho za kusini zipitie bandari ya Mtwara badala ya kubebwa hadi Dar es Salaam, na gati jipya la mita 300 limeongeza nafasi ya meli. Bandari iliyojengwa kwa ajili ya karanga za mradi wa Waingereza wa miaka ya 1940, karanga ambazo hazikuja, hatimaye ina mzigo. Nafurahi, mimi ni mtoto wa hapa. Ila mzigo ukiongezeka, wanaoongezeka kwanza ni watu wa kutwa.

Dakika kumi za asubuhi zingetosha. Riflekta zinapogawiwa, kabla ya majina kusomwa: leo tuko kiwango gani, ukiona nini umwambie nani, yule pale, mwenye kofia ya bluu. Basi. Na yule mzee asimame aeleze habari ya mshono, kwa sababu anaieleza vizuri kuliko mimi na kuliko mkufunzi.

## Mvua ina kifungu chake

Nilipoandika mapendekezo kazini, jibu la kwanza lilikuwa: saa zilizosimama zilipwe kutoka fungu gani?

Swali la haki. Nikaenda kwenye makabati yangu, maana karani ana makabati. Mikataba ya kukodi meli za mzigo wa kichele, kama hizi za makaa, inataja muda wa kupakia. Ukipita muda huo, aliyekodi anamlipa mwenye meli gharama za ucheleweshaji kwa kila siku na kila sehemu ya siku. Kuna mikataba inayosema mvua ikinyesha saa isihesabiwe. Watu walikaa London au kwingineko, wakafikiria mvua, wakafikiria mgomo, wakafikiria mashine kuharibika, wakagawana hasara kabla haijatokea.

Mvua ina kifungu. Kibarua aliyesema hana.

Kwa hiyo sikuomba fungu jipya. Nimeomba safu moja iongezwe kwenye karatasi ya mahudhurio ya gengi: saa zilizosimama kwa sababu ya ulinzi, na sahihi ya aliyeamua kusimamisha. Zikishaandikwa, kampuni inaweza kubishana na mteja nani abebe nini, jinsi inavyobishana kuhusu kila kitu kingine. Zisipoandikwa, anabeba mzee.

Meneja wangu ameniambia nichore fomu aione kabla ya minada kufunguliwa. Nimeichora. Mwanzoni niliweka nafasi ya jina la aliyetoa taarifa, kisha nikaifuta nikaweka namba ya kadi tu, na nakala nikaielekeza kwa afisa ulinzi moja kwa moja, isipitie kwa nyapara.